Kuigawa Hifadhidata Hakudai Toleo Moja

Hoja kwamba ofisi yenye Access 2003 na Access 2010 haiwezi kuigawa hifadhidata yake katika faili la nyuma na la mbele haina mashiko, kwani faili la nyuma, linalobeba majedwali ya data kwenye seva, likibaki katika muundo wa .mdb, matoleo yote mawili hulisoma na kuliandikia; likigeuzwa .accdb, muundo ulioletwa na Access 2007, toleo la 2003 halilifungui kabisa. Hatari ya kweli, ambayo hoja hiyo imeiruka, ni kuchangia faili moja la mbele, yaani lile la fomu na ripoti: likifunguliwa kwa toleo jipya, marejeo yake ya maktaba za Word au Excel hupandishwa, na kompyuta ya zamani huambiwa maktaba haipo. Kwa hiyo kila kompyuta ipewe nakala yake ya faili la mbele.