Mafuta Kwanza, Abiria Baadaye

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo tuache shamba kidogo tuzungumzie boti. Wengi wenu mnaoishi kando ya Ziwa Victoria mnapeleka nyanya, ndizi na mihogo visiwani na kurudi na dagaa. Chombo chenu ni mtumbwi wa mbao wenye mashine ya petroli nyuma. Kuhusu mawimbi na kuzidisha mzigo tunaongea sana, na ni haki. Lakini petroli inayomiminwa huku watu wameshakaa tunaiona jambo la kawaida. Msimamo wangu ni huu: boti isipakie mtu wala gunia mpaka imalize kujazwa mafuta, na wewe unayelipa nauli una nguvu ya kulisimamia hilo.

Petroli inawaka kupitia mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata asubuhi ya baridi, na ni mzito kuliko hewa. Ukimwaga petroli kidogo ufukweni, upepo huutawanya. Ukiimwaga ndani ya mtumbwi, mvuke unashuka chini na kutulia kule chini ya magunia. Huuoni, na pua huzoea harufu haraka. Kisha mmoja anawasha sigara, mwingine karabai, au nahodha anavuta kamba ya mashine na cheche inaruka. Abiria hana pa kukimbilia ila majini.

Najua utaambiwa, "Miaka yote tunajaza hivi hivi." Ni kweli, mara nyingi upepo wa ziwa hutuokoa. Lakini zipo jioni ambazo ziwa limetulia kabisa, na usalama wa watu ishirini hauwezi kutegemea upepo.

Utaratibu salama hauna gharama kubwa:

1. Zima mashine na uiache ipoe. Zima sigara, karabai na jiko la mkaa.
2. Teremsha tangi la kubebeka, uliweke chini ufukweni na ulijaze hapo. Kama mashine yako inatumia mafuta yaliyochanganywa na oili, changanya hapo hapo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine.
3. Tumia faneli. Usijaze tangi hadi mdomoni, kwa sababu petroli hutanuka juani. Funga kifuniko na ufute kilichomwagika kabla ya kurudisha tangi botini.
4. Nusa chini ya boti. Kama kuna harufu ya petroli, usiwashe. Tafuta inapovuja, kausha, na uache hewa ipite.
5. Sasa pakia mzigo na abiria, kila mmoja na jaketi lake la kujiokolea.
6. Kabla ya kuwasha, shusha mashine majini, fungua tundu la hewa la tangi na uminye pampu ya mpira mpaka iwe ngumu. Hakikisha gia haijaingia, nahodha amejifunga kamba ya kuzimia mashine, na hakuna mtu nyuma ya kiwiko chake.
7. Mashine ikishawaka, angalia kama inatoa maji ya kupoozea. Isipotoa, izime.

Ikigoma kuwaka kwa sababu petroli imezidi, rudisha choki na usubiri. Tabia ya kuchomoa plagi na kuijaribu cheche karibu na tangi ni kuchezea kifo.

Kinachowaponza wengi ni kuongeza mafuta katikati ya ziwa kutoka kwenye dumu. Mwenye boti mwenye safari ndefu anunue tangi la pili, alijaze ufukweni, na huko majini abadilishe mpira tu. Apige hesabu ya mafuta kwa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la dharura. Awe pia na mtungi wa poda wa kuzimia moto, au angalau ndoo ya mchanga mkavu. Maji hayazimi petroli. Inaelea juu yake na kusambaa ikiwaka.

Viongozi wa BMU nao wana kazi hapa. Tengeni sehemu moja ya kujazia mafuta kila mwalo, mbali na mama lishe na wanaokaanga samaki, na muweke utaratibu kwamba boti yenye abiria haijazwi.

Lakini usingoje kikao. Nahodha akikuambia, "Panda tu mama, nitajaza hapo mbele," mjibu kwa heshima kwamba utapanda akishamaliza. Wawili watatu wakikataa pamoja, atajaza kwanza, maana nauli anaitaka. Nyanya zako hazitaoza kwa kusubiri dakika kumi.