Grainda Isitangulie

Vijana wanaoniletea Ford Escort za zamani hapa Nairobi huanza na ombi lile lile: rimu pana nyuma, hata kama ni kupasua matao ya ndani ya buti. Mimi huwaambia tuanze chini.

Ekseli ya nyuma ya Escort hizo ni ya kipande kimoja, na imebebwa na springi za mabapa. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, springi hujipinda, difu hutaka kujizungusha, na tairi huruka badala ya kushika ardhi. Tairi pana huzidisha shida hiyo. Dawa ni fito za kuizuia ekseli isijizungushe, na mmoja wa kukingama ili isiyumbe kando. Escort nyingi za mashindano hufungwa hivyo, na Hannu Mikkola alishinda Safari Rally ya 1972 akiendesha Escort, kwa hiyo hili si gari la kudharau.

Halafu, Escort haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Fito zikikuchosha, utazifungua. Tao lililokatwa halirudi. Tairi ikigusa bodi, pima nafasi, tafuta rimu yenye ofseti sahihi, au panua madigadi kwa nje. Bodi ambayo haijaliwa na kutu siikati, hata nikilipwa mara mbili.