Etriye kubwa haiponyi freni mgonjwa



Kazini hatuchezi na freni. Kabla ya kushuka na kamio kubwa ndani ya karieri, shofere anajaribu freni mahali pa sawa na kuandika katika kitabu. Pedali ikienda chini kupita desturi, kamio inabaki palepale, hata kama sefu anapiga kelele juu ya tani za siku. Lakini saa ya kutoka ikifika, shofere yuleyule anaingia katika jipi yake ya miaka thelathini, anapakia bibi, watoto na shangazi, na kushika njia ya Likasi kwenda kwenye kilio, bila hata kutazama chupa ya mafuta ya freni. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao, kwa hiyo nisidhaniwe ninahukumu wengine.

Siku hizi desturi mpya imeingia katika kambi zetu. Mwenye jipi ya zamani akiona haisimami vizuri, rafiki anamwambia dawa ni kufunga freni za mbele za jipi mpya zaidi. Anakwenda kwa wauza pyesi za okazyoni zinazopitia Kasumbalesa, ananunua etriye mbili kubwa, ndizo vile vyuma vyenye pistoni vinavyobana diski, na diski nene za kwenda nazo. Siku ya pumziko fundi wa chini ya mwembe anafunga yote kabla ya jua kushuka. Jioni mwenye jipi anazunguka kambi, anakanyaga pedali mbele ya rafiki zake, pine zinalia, watu wanapiga makofi.

Sisemi kazi hiyo ni mbaya. Chukueni Land Cruiser 80 iliyoanza kutoka mwaka 1990, ambayo wengi wetu tunaipenda. Zile za kwanza zilikuwa na diski nyembamba mbele. Toka mabadiliko ya mwaka 1992 Toyota yenyewe ilitia diski nene zaidi na etriye kubwa zaidi. Kama kiwanda kiliona haja, si ajabu mwenye jipi ya kwanza naye akitamani.

Lakini tujue kitu tunachonunua. Freni ni kazi ya kugeuza mwendo kuwa moto. Jipi ikiwa na mwendo wa kilometa 80 kwa saa, halafu ukaiongeza hadi 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini moto ambao freni zinapaswa kuumeza unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Diski nene inameza moto mwingi kabla ya kuchoka. Hiyo ndiyo faida yake, na mtu anayeshuka mlima mrefu na mizigo ya mahindi ataiona. Ila kusimama kwenyewe kunafanywa na pine juu ya barabara. Kama freni zako za zamani, zikiwa nzima, zinaweza kufunga pine hata ziburuzike, etriye kubwa haitafupisha njia ya kusimama kwa mita hata moja. Pine zilizokwisha zitateleza tu, haraka zaidi.

Sasa niwaambie yaliyonipata mwaka 2019. Pedali ya jipi yangu ilikuwa laini, inakwenda chini. Sikuuliza kwa nini. Nilinunua etriye mbili za okazyoni na diski zake. Fundi alipotaka kurudisha pine, janti zangu za inchi 15 hazikuingia, zikagusa etriye. Nikatafuta tena janti nne za inchi 16, na pesa ya shule ya mtoto wa tatu ikaingia humo. Bibi yangu hakusema neno. Alizima tu taa mapema usiku ule.

Juma lililofuata tulikuwa tunatoka Likasi. Mnaijua barabara ile: makamio ya madini upande huu na ule, na vijana wa baiskeli wanaosukuma mifuko ya makala pembeni. Kamio moja mbele yetu ilisimama ghafula. Nilikanyaga pedali kwa nguvu, na jipi badala ya kusimama sawa ikavuta kuume, ikachukua volani mikononi mwangu, ikaenda moja kwa moja kwa kijana mwenye makala. Aliruka katika majani. Baiskeli na mifuko mitatu vilibaki chini ya jipi yetu. Watoto wangu walilia mpaka Lubumbashi. Kijana yule tulimlipa baiskeli na makala yake, tukamshukuru Mungu kwamba hatukumlipa mama yake kitu kingine.

Fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika garaji ya mgodi, alifungua yote. Katika etriye ya kushoto pistoni mbili zilikuwa zimekwama kwa kutu. Upande wa kuume ndio pekee uliobana. Ndiyo sababu jipi ilivuta kule. Halafu aliniomba nimletee etriye zangu za zamani, zilizokuwa zimetupwa nyuma ya jiko. Alizigeuza mkononi, akazisukuma pistoni, zikaingia na kutoka vizuri. Ugonjwa wa kwanza haukuwa hapo. Mafuta ya freni yalikuwa meusi kama kahawa, na mpira mmoja wa freni ulikuwa umelegea hata ukivimba kila nilipokanyaga. Nilitumia pesa nyingi kubadilisha kitu kizima na kuacha kilichokufa.

Mafuta yale yanastahili maneno zaidi, kwa sababu watu wengi hawayahesabu. Yanakunywa maji ya hewani kidogo kidogo, hata chupa ikiwa imefungwa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya digri 205. Yakiisha kunywa maji kwa kipimo cha majaribio, sheria ya aina hiyo inataka yafike 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka ndani ya etriye yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa kama puto: pedali inakwenda hadi chini na jipi inaendelea. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili. Nimeona kwa macho yangu mtu akiongeza maji ya sabuni katika chupa ile. Na wengine wanatia mafuta ya motere, ambayo yanavimbisha mipira ya ndani mpaka pistoni inakataa kurudi. Hata kuosha mipira hiyo kwa petroli ni kuiua.

Kama umekwisha kutazama mafuta, mipira, plakete, tamburi za nyuma na pine, na bado unataka etriye kubwa, basi fanya kazi yote. Nunua za pande mbili zinazofanana, uzifungue na kuzitia mipira mipya ya ndani hata kama muuzaji anaapa kwa watoto wake. Usifunge pyesi mpya upande mmoja tu. Tazama visi ya kutolea hewa: lazima ikae juu. Ikikaa chini, fundi amebadilisha kushoto na kuume, na hewa haitatoka hata ukipampu mpaka usiku. Pistoni kubwa inakunywa mafuta mengi. Ukitoka milimita 43 na kwenda 45 unaona ni kidogo, lakini eneo la kusukumwa linaongezeka karibu sehemu moja ya kumi, na pompu kubwa ya freni iliyofungwa kwa etriye ndogo huenda isitoshe, pedali itashuka. Muulize fundi juu ya jambo hilo kabla ya kulipa. Akicheka, tafuta fundi mwingine.

Kuna na nyuma. Chini ya jipi nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna valvu inayopima uzito na kugawa nguvu ya freni mbele na nyuma. Mafundi wetu wanapenda kuifunga au kuitoa kwa sababu inavuja, na anayeinua jipi kwa maresori marefu anaidanganya: inadhani jipi haina mzigo. Mbele ikipewa nguvu nyingi na nyuma ikifa, pine za mbele zinafunga kwanza, na pine iliyofungwa haisikii volani.

Wenye kufanya kazi hii nyumbani, jipi isikae juu ya kriki peke yake. Tieni vigogo vya chuma chini ya shasi. Na vumbi la plakete lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Plakete za zamani zilikuwa na amianti, na pyesi isiyojulikana ilikotoka huwezi kuitambua kwa macho. Sisi tunaojua vumbi la shimoni linafanya nini katika kifua tusiwapelekee watoto wetu vumbi lingine uani. Lowesheni kwa maji, futeni kwa kitambaa, tupeni kitambaa.

Kazi ikiisha, msiende Likasi siku hiyohiyo. Tafuteni barabara tupu, mkanyage polepole mara nyingi, mkiacha freni zipoe katikati, mpaka plakete na diski zizoeane. Mkono uachwe kidogo juu ya volani: jipi ikivuta upande, mrudi garaji. Tazameni tena kama hakuna mahali panapovuja.

Mimi nina ombi kwa wajumbe wa usalama. Kampuni ina shimo la kukagulia na mafundi wanaojua freni kuliko wote wa mjini. Tufunguliwe mlango Jumamosi moja kila miezi mitatu, jipi na motokari za wafanyakazi zipite: pine juu, plakete zipimwe, mafuta yatazamwe rangi, basi. Matengenezo kila mtu ajilipie. Wengine watasema barabarani si kazini. Lakini mfanyakazi aliyevunjika mguu njiani Jumapili, Jumatatu hayuko shimoni, na bibi yake analala naye hospitali. Jipi yangu itakuwa ya kwanza kwenye mstari, na etriye zake ni zile za zamani.