Chemba ya biashara ishuke hadi mpakani

MAMA anayevuka daraja la Rusumo na magunia matatu ya mchele wa Kahama hana habari na chemba ya biashara. Akilisikia jina hilo anadhani ni jambo la wenye malori, wenye viwanda na wenye ofisi za ghorofani Kigali. Hatumlaumu, kwa sababu hakuna aliyekuja kumweleza vinginevyo. Lakini anakosea, na kosa hilo linamla mtaji. Leo tungependa kusema naye, na baada yake tuseme na hao viongozi wa chemba.

Tuanze na fedha, maana ndizo zilizomtoa nyumbani alfajiri. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na ikaanza kuutumia umoja wa forodha Julai 2009. Kwa kanuni za umoja huo, bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha inapotoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine. Sharti ni kuthibitisha kwamba imezalishwa humo. Mwenye lori huleta cheti kamili cha uasili wa bidhaa. Mwenye magunia matatu naye amewekewa njia yake: ikiwa mzigo wake hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa yenyewe imo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa palepale mpakani cheti kilichorahisishwa, afisa wa forodha akagonga muhuri. Cheti hicho hakiuzwi. Anayekutoza fedha kwa ajili yake, awe nani, anakuibia.

Asiye na karatasi hiyo mzigo wake unaweza kuhesabiwa kama umetoka nje ya Jumuiya. Chukua mfano wa mzigo wa dola 400 wa bidhaa iliyo katika ngazi ya ushuru wa asilimia 25. Ushuru wake ni dola 100. Mchuuzi gani wa Rusumo anapata faida ya dola 100 kwa safari moja? Huyo amekwisha kula mtaji kabla hajafika sokoni. Ndiyo maana wengine huona afadhali njia ya panya, ambako wanalipa pia, ila bila risiti, na siku ya kukamatwa wanapoteza mzigo mzima.

Tuseme na kile ambacho cheti hakifanyi, kwa sababu uvumi wa mpakani una miguu mirefu. Hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zinazotozwa kodi hiyo. Hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea wala wa chakula. Aliyeambiwa kwamba ukiwa na ile karatasi hulipi hata senti, atakwenda kugombana na afisa asiye na kosa, kisha atarudi akisema Jumuiya ni maneno matupu.

Sasa nani amweleze mama huyu yote hayo? Forodha kazi yao ni kukusanya mapato na kulinda mpaka. Wakala wa forodha hufanya kazi kwa anayemlipa. Kijana anayejua vichochoro vya kushukia mtoni naye ana biashara yake. Katika orodha hiyo ni chemba peke yake iliyoundwa kwa ajili ya mfanyabiashara. Hata ile ya Marseille huko Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1599 na kuhesabiwa kuwa ya kwanza duniani kuitwa chemba ya biashara, ilianza kwa sababu wafanyabiashara walichoka kuporwa na maharamia baharini, kila mmoja na jahazi lake. Mto Akagera hauna maharamia, lakini kuwa peke yako ni kulekule.

Hapa kwetu kazi hiyo imo mikononi mwa Shirikisho la Sekta Binafsi, PSF, lililoundwa mwaka 1999 na kuchukua nafasi ya chemba ya zamani. Ng'ambo ya mto kuna chemba ya Tanzania, TCCIA, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambayo ina matawi mikoani na hutoa vyeti vya uasili wa bidhaa. Juu yao, pale Arusha, liko Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1997, linalokaa na wakubwa wa Jumuiya. Kwa hiyo ngazi ipo, kuanzia wilayani hadi Arusha. Kinachokosekana mara nyingi ni ile hatua ya chini kabisa, ambayo mwenye kanga na kiroba kichwani anaweza kuipanda.

Na bila hatua hiyo, utetezi hauna kitu mkononi. Malalamiko ya mpakani huanzia kwenye kibanda cha chai na kuishia hapohapo. Fulani ametozwa mara mbili. Fulani maharage yake yamekaa siku tatu yakisubiri karatasi ya ukaguzi. Fulani kaambiwa cheti kimekwisha, arudi kesho. Chai ikimalizika, kila mtu anakwenda zake, na malalamiko yanabaki na vikombe. Waziri hawezi kuulizwa juu ya maneno ya kibandani.

Mambo hubadilika yakiandikwa. Andika tarehe na saa, jina la mpaka, bidhaa na uzito wake, fedha iliyodaiwa, na kama risiti ilitolewa au la. Mtu mmoja akiandika, ni malalamiko ya mtu mmoja. Lakini watu arobaini wakiandika jambo lilelile katika mwezi mmoja, hapo chemba ina kitu cha kuweka mezani. Mwaka 2017 Jumuiya ilipata sheria ya kuondoa vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru, na kila nchi ina kamati inayofuatilia vikwazo hivyo, ambamo sekta binafsi ina kiti. Kiti hicho kikikaliwa na mtu asiye na daftari la Rusumo, atazungumza nini zaidi ya habari za malori?

Kuna jambo jingine ambalo wenye ofisi hawalioni. Mchuuzi anayepita kizuizi kilekile mara tatu kwa wiki hawezi kumshtaki afisa aliyemdhulumu. Kesho atakutana naye tena, na atamfungulia mzigo wake kiroba kwa kiroba. Wengi wa wachuuzi hawa ni wanawake, wengine na watoto mgongoni. Chemba inaweza kubeba lalamiko bila kutaja jina la mwenye nalo. Huo ni ulinzi ambao mtu hawezi kujipa mwenyewe, na kwa maoni yetu ni sababu tosha ya kuwa mwanachama, hata kama chemba isingefanya kingine chochote.

Tugeukie waliorejea nchini. Daraja la Rusumo limewaona watu wetu wakitoka na limewaona wakirudi: waliokuwa uhamishoni tangu 1959, waliotoka kambi za Ngara Desemba 1996, na wale walioondolewa Tanzania mwaka 2013, wengi wakiwa wameacha nyuma mifugo, mashamba na wadeni. Wengi wao wanakijua Kiswahili kwa ufasaha kuliko sisi tunaoandika hapa. Wanajua bei za minada ya Kagera, wanajua msimu wa mchele, na wana watu upande wa pili ambao huwapa mzigo kwa kuaminiana. Kwa kipimo cha biashara, hiyo ni mali.

Lakini si mali inayotambulika benki. Benki huuliza hati ya ardhi. Haiulizi ni nani anayekuamini Kahama. Kuna Umurenge SACCO zilizoanzishwa mwaka 2009, na kuna mfuko wa BDF wa mwaka 2011 unaodhamini sehemu ya mkopo kwa asiye na dhamana ya kutosha. Milango hiyo ni mizuri. Hata hivyo, mlangoni huulizwa maandishi: umefanya biashara tangu lini, unauza kiasi gani, nani anakufahamu. Hapa chemba ya wilaya ingeweza kusaidia sana kwa gharama ndogo. Mwanachama ambaye vyeti vyake vya mpakani na risiti zake vimetunzwa kwa miezi kumi na miwili ana historia ya biashara, hata kama alirudi nchini na begi moja. Chemba ikimwandikia barua ya utambulisho kwa kuegemea karatasi hizo, haimpi sadaka, inasema ukweli ulioandikwa.

Tunajua wasiwasi uliopo. Mchuuzi anaogopa kwamba akijulikana atadaiwa patente na kodi. Wasiwasi huo si wa kijinga, na anayemwambia kwamba kujiandikisha hakuna gharama anamdanganya. Kwa maoni yetu, gharama inayojulikana na yenye risiti ni nafuu kuliko ile ya gizani. Lakini ni wajibu wa chemba kukaa na watoza kodi na kuhakikisha kwamba mwenye kiroba hapimwi kwa kipimo cha mwenye ghala. Asipouona utetezi huo kwa macho yake, atabaki vichochoroni, na hatutakuwa na neno la kumshawishi.

Viongozi wa chemba watajibu kwamba wachuuzi hawalipi ada, hawaji mikutanoni, na siku ya uchaguzi huwaoni. Ni kweli. Lakini mkutano ukiitishwa hotelini, siku ya soko, kwa lugha ya makabrasha, anayetegemea soko hilo aje vipi? Na semina ni nzuri, ila mchele hauuzwi kwa cheti cha semina. Waingie kwa vikundi: ushirika wa watu thelathini ulipe ada moja, uwe na sauti moja inayojulikana, na umtume mwakilishi wake. Wachuuzi nao wasisubiri kuitwa. Viongozi wa chemba huchaguliwa na wanachama, na asiyekuwa mwanachama hana wa kumnyooshea kidole.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016 na Rais Paul Kagame na Rais John Magufuli, kina nafasi ya kutosha kwa meza moja zaidi. Tunaiomba chemba iweke hapo mtu anayesema Kinyarwanda na Kiswahili, na kama meza ya namna hiyo ipo, basi iwe na mtu siku zote za soko, tangu asubuhi. Orodha ya bidhaa zisizotozwa ushuru ibandikwe ukutani kwa lugha hizo mbili na kwa herufi kubwa. Daftari la malalamiko liwe pale juu ya meza. Kila mwisho wa mwezi, kilichoandikwa humo na kilichojibiwa kibandikwe ukutani vilevile, ili mama wa mchele asimame akisome mwenyewe.