Mmetuuliza Choo Chetu, Nasi Twauliza Mkataba Wenu: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Mkenya asiye na mshahara hajisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, hivihivi. Awe mama mboga wa Kawangware au mvuvi wa Shimoni, sharti ajieleze: paa lake ni la bati au la makuti, kuta ni za mawe au za udongo, maji anayachota wapi, choo ni cha shimo au cha kuvuta maji, ana mifugo gani, nyumbani mwake wanalala watu wangapi. Majibu yanaingia kwenye mfumo na mfumo unamtolea kiwango chake cha kulipa. Hesabu yenyewe ilivyofanywa haoni. Huenda bati alinunuliwa na mwanawe aliyekuwa Qatar mwaka ule mambo yalipokuwa mazuri, na huyo mwana sasa amerudi hana kazi. Bati halielezi hayo.

Sisemi tusiulizwe. Bima ya umma haiwezi kusimama bila kujua nani ana uwezo na nani hana, na mtu akitaka kusaidiwa hana budi kufungua mlango. Neno langu ni kwamba maswali yote yameelekezwa upande wa chini. Huku juu, kwenye mali nyingi na mikataba mikubwa, Wizara yako imekuwa na haya ya ajabu.

Nianze na haki yenu, maana wapo wanaowapinga kwa hoja nisizoziafiki. NHIF, bima ya zamani tuliyoizika Septemba 2024, haikuwa malaika. Ilizaliwa 1966, na kufikia uzee wake ilikuwa ikimkata mfanyakazi wa 20,000 shilingi 750 kwa mwezi, ilhali mkurugenzi wa milioni moja alikatwa 1,700 na hapo ndipo dari lilipokuwa. Sheria mpya iliondoa dari. Tangu Oktoba 2024 kila mshahara unakatwa asilimia 2.75, kwa hiyo yule wa 20,000 sasa hulipa 550 na mkurugenzi hulipa 27,500. Watu wa tabaka la kati walipiga kelele, baadhi yao rafiki zangu, wakasema ni unyang'anyi. Mimi naona ni haki. Bima ni kuchangiana, na mwenye nacho huchangia zaidi.

Lakini haki hiyo inakomea kwenye hati ya mshahara, na wenye mali halisi katika nchi hii hawaishi kwa hati ya mshahara. Mtu anayepokea gawio la hisa hukatwa kodi ya asilimia 5 na habari yake imekwisha. Mwajiriwa mwenye vyumba arobaini vya kupangisha anachangia SHA kwa mshahara wake tu, kodi ya vyumba haiguswi. Na mwenye vyumba hivyo asiyeajiriwa popote anajibu dodoso lilelile la paa na choo alilojibu mvuvi wa Shimoni. Chombo kilichobuniwa kupima ufukara hakiwezi kupima utajiri, kwa sababu baada ya choo cha kuvuta maji kinaishiwa na maswali.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 iliruhusu mchango wa SHIF, ule mfuko wa bima wa SHA, utolewe kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Wafanyakazi walishangilia, na wengi walikuwa na sababu. Sasa tazama anayenufaika zaidi. Mkurugenzi wetu wa milioni moja yuko kwenye daraja la kodi la asilimia 35, hivyo katika zile 27,500 anazochangia, 9,625 zinamrudia kwa njia ya kodi asiyotozwa. Mfanyakazi wa 20,000 hafiki kwenye kodi ya mapato, basi harudishiwi hata senti. Mama mboga naye hajulikani huko. Dari mliloliondoa mlangoni limerudi kupitia dirisha la Hazina, na najua Hazina si yako, lakini mnakaa meza moja ya Baraza la Mawaziri.

Nije sasa kwenye mkataba.

Mfumo unaomuuliza mvuvi habari za choo chake, unaomsajili, unaothibitisha kuwa amelipa na unaopokea madai ya hospitali, una wenyewe. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza katika ripoti iliyotolewa mapema 2025 kwamba mfumo huo wa shilingi bilioni 104.8, uliotolewa kwa muungano wa kampuni za Safaricom, Apeiro na Konvergenz kwa miaka kumi, ulinunuliwa kwa utaratibu maalumu usio wa ushindani, na kwamba umiliki wake hauko mikononi mwa serikali. Wakenya walisoma habari hiyo magazetini asubuhi, wakaenda kazini wakakatwa asilimia 2.75.

Jibu la serikali nalijua na si la kipuuzi. Mlisema hamkutoa fedha mwanzoni, kwamba muungano ndio unaojenga, unaoweka mitambo na kuiendesha, nasi tutalipa kadiri tunavyotumia. Vizuri. Lakini malipo ya matumizi hayo yanatoka kwa nani? Ripoti ilitaja asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya vituo vya afya. Mama mboga akitoa kile kiwango cha chini kabisa cha shilingi 300 kwa mwezi, 7 na senti 50 zinakwenda kwa wenye mfumo kabla hajapata panadol. Ni kidogo, hakuna atakayeandamana kwa ajili yake. Hospitali ya misheni kule mashinani ikidai 10,000 kwa kumhudumia mgonjwa, 500 zinabaki njiani. Zidisha kwa nchi nzima, kwa miaka kumi, utaona kwa nini mtu angependa kandarasi hii kuliko kujenga zahanati.

Kama makato hayo yamebadilishwa tangu ripoti itoke, tuambie. Kama Mkaguzi alikosea, chapisha karatasi zinazomkosoa. Kinachokera ni kuwa mjadala mzima unaendeshwa kwa taarifa za mikutano ya wanahabari, na mkataba wenyewe haujawekwa mahali ambapo mwalimu wa Kitui anaweza kuusoma kwa simu yake.

Siri hii ina historia katika jengo lako, Mheshimiwa. Mwaka 2015 kaunti zote 47 ziliingizwa kwenye mpango wa kukodi vifaa vya tiba: mashine za eksirei, za kusafisha damu ya wenye maradhi ya figo, vifaa vya vyumba vya upasuaji na wagonjwa mahututi. Wazo lilikuwa zuri na kuna watu wako hai leo kwa sababu yake. Kabla ya hapo mgonjwa wa figo wa Garissa alijua njia ya Nairobi kuliko ya shambani kwake. Lakini magavana walikatwa fedha kwenye mgao wao, milioni 95 kwa mwaka kwa kila kaunti, baadaye 200, huku wakilalamika kuwa hawana nakala ya mikataba wanayoilipia. Kuna hospitali zilizopelekewa mashine hazina umeme wa kuziendesha wala mtaalamu wa kuzitumia, zikakaa zimefunikwa, na malipo yakaendelea. Seneti ilipokuja kuchunguza, fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kwenda. Mngejifunza kitu kimoja tu hapo, kingekuwa hiki: mwenye kulipa auone mkataba kabla ya kulipa.

Mtaniambia siri za kibiashara. Biashara gani hii isiyo na mshindani? Mteja wake ni taifa zima na kujiunga ni lazima kwa sheria. Mfanyakazi hawezi kusema nimehama, naenda SHA nyingine. Kampuni inayopewa wateja kwa nguvu ya dola inapata faida isiyo na hatari ya soko, na haiwezi kudai stara ya soko. Katiba yetu, kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye kuokoa gharama. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa dola. Na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, mojawapo ya sheria nne za afya Rais alizotia saini Oktoba mwaka ule, inaitambua data ya afya kuwa rasilimali ya kimkakati ya taifa. Rasilimali ya taifa inakaaje ndani ya mfumo usio wa taifa?

Sizihusudu kampuni hizi. Safaricom inajua kazi yake. Bila M-Pesa nusu ya harambee za bili za hospitali zisingefanyika, na hilo ni jambo la kusikitisha kuliko la kusifia. Kampuni hutafuta faida, ndiyo kazi yake. Kazi ya Wizara ni kusimama kati ya faida hiyo na mgonjwa. Tukifika mahali Wizara na muuzaji wanajibu maswali kwa sauti moja, mgonjwa amebaki peke yake.

Mwaka 2025 ofisi yako ilifunga vituo kadha kwa madai ya udanganyifu: wagonjwa hewa, matibabu ya nje yanayoandikwa kuwa ya kulazwa. Nilifurahi. Lakini zipo pia hospitali ndogo za binafsi na za misheni ambazo zimedai na kungoja malipo hadi zikashindwa kununua dawa, nyingine zikarudi kumwambia mgonjwa alete pesa taslimu. Vita dhidi ya wezi vikipiganwa kwa kuchelewesha malipo ya kila mtu, anayesalia ni hospitali kubwa yenye akiba benki na wenyehisa wenye subira. Hospitali ya vitanda kumi na viwili inafunga. Miaka michache mbele tutashangaa kwa nini tiba imekuwa ya makampuni manne matano ya mjini.

Tunayo kumbukumbu ya haya. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada kwa wagonjwa wa nje. Mwaka 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji, ada zikarudi kwa jina la kugawana gharama, na waliokuwa na uwezo mdogo wakaacha kwenda kliniki. Mwaka 2004 tukalipa shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya. Mwaka 2013 ada hizo zikaondolewa na kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma. Kila mara anayeamua ni mtu asiyepanga foleni.

Waliosajiliwa SHA wamepita milioni 20, na hilo si dogo. Walio nje ya ajira rasmi na wanaolipa ni sehemu ndogo mno ya hao, na sababu haihitaji utafiti: anayepata riziki ya siku kwa siku anatakiwa alipe ya mwaka mzima, angalau 3,600, kwa mkupuo. Mmeleta Lipa SHA Pole Pole ili kugawanya malipo kwa njia ya mkopo, na mmeahidi kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza kabisa. Ahadi hiyo naiunga mkono. Ila kati ya fukara aliyelipiwa na mwajiriwa anayekatwa kuna umati mkubwa wa watu wa jua kali na bodaboda ambao mfumo umewaona hawastahili msaada nao wanajiona hawana cha kulipa. Waruhusiwe kulipa kwa mwezi, kama NHIF ilivyowaruhusu, bila kuingizwa kwenye mkopo. Fedha za kufidia pengo zipo: tozeni asilimia ileile 2.75 kwenye gawio na kwenye kodi ya nyumba za kupangisha, kwa viwango vya juu tu, na mjadiliane na Hazina kuhusu ile nafuu inayomrudishia mkurugenzi 9,625.

Kuhusu mkataba na ile fomula ya kupima uwezo wa kaya, sitasubiri hisani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu ombi la raia. Ombi langu la maandishi linaletwa Afya House pamoja na barua hii. Naomba kurasa zote, viambatisho vikiwemo, na jedwali la malipo lisifutwe kwa wino mweusi. Likikataliwa, nipewe sababu kwa maandishi, nami nitazipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Wako,
Mchangiaji wa SHA,
Nairobi.