Mteuzi wa Chakula Aingie Jikoni!

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Hapa Isiolo hatuna minazi. Tuna migunga na vumbi la barabara ya Moyale. Lakini wachaguzi tunao tele! Wao hawachagui nazi, wanachagua maharagwe, vitunguu, majani ya sukuma, maganda ya nyanya, na wengine hata sahani. Wamo katika kila nyumba, na nikisema kwamba huenda wewe unayesoma ukurasa huu ni mmoja wao, tafadhali usinikasirikie.

Nataka kutoa maoni yangu juu ya chajio cha siku za wiki. (Kamusi inasema chajio, sisi mtaani twasema sapa. Mwalimu mlezi wa chama chetu ana kalamu nyekundu, basi nitasema chajio.) Sizungumzii chakula cha Idi wala cha harusi, maana pilau haikataliwi na mtu. Nazungumzia Jumanne. Jumanne saa kumi na mbili jioni, makaa hayajashika moto, mama bado yuko sokoni, kazi ya Hisabati imo mkobani, na kuna watu sita wa kulishwa ambao hakuna wawili wanaopenda kitu kimoja.

Najua ninalolisema kwa sababu mpishi ni mimi. Mwenzetu wa bweni kengele ikilia hupanga foleni na sahani yake, akala, akarudi kusoma. Sisi wa kutwa tukitoka shuleni twaanza zamu nyingine: kuteka maji, kuwasha jiko, kuchagua mchele. Kwa hivyo mtoto akisukuma sahani na kusema "sitaki," hajakataa chakula tu. Amekula saa yangu moja ya kusoma, na hiyo saa hata hakuitafuna.

Kwetu wateuzi ni watatu. Wa kwanza ni ndugu yangu wa Gredi ya 7. Huyu ukimpa githeri hutoa maharagwe moja moja na kuyapanga ukingoni mwa sahani kama askari wa gwaride, akala mahindi matupu. Wa pili ni kitinda mimba wetu wa miaka 5. Yeye hana shida na wali, hana shida na mchuzi, lakini viwili hivyo vikigusana, kilio chake husikika hadi msikitini. Wa tatu ni nyanya yetu, ambaye sisi humwita Akko, na huyo nitamrudia.

Wazazi wengi wana dawa mbili tu za ugonjwa huu. Ya kwanza ni ya shangazi yangu: mwiko. Yaani mtoto akikataa kula, mwiko unatoka sufuriani na kumfuata. Siku moja alimsimamia ndugu yangu mpaka akameza maharagwe yote. Naam, aliyameza, kisha akayarudisha yote pale pale mkekani. Tangu siku hiyo hata harufu ya maharagwe yakichemka ilikuwa inamtoa nje. Sasa hapo nani alishinda?

Dawa ya pili ni ya mama, naye nampenda sana lakini nitasema kweli. Ni sufuria ya pili. Huyu hataki hiki, apikiwe kile. Jumatatu moja tulipika ugali na sukuma wiki kwa baba, wali mweupe kwa mdogo wetu, na chipsi kwa ndugu yangu. Makaa ya siku mbili yaliisha jioni moja. Nilianza kazi ya Hisabati saa tano usiku na kulala juu ya daftari. Na unafikiri kesho yake wateuzi walishukuru? La hasha! Waliuliza, "Leo tunapikiwa nini?" Ukimpikia mteuzi sufuria yake, umemwajiri kuwa mteuzi.

Mimi napinga dawa zote mbili. Maoni yangu ni kwamba nyumba ipike sufuria moja, lakini wakati wa kupakua vitu vitenganishwe, na yule asiyependa kilichopikwa apewe zamu jikoni.

Kabla ya kufika jikoni, tutazame chai ya saa kumi na moja. Kila mtoto wa Isiolo akirudi nyumbani hupewa kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari nyingi na mandazi mawili. Halafu saa mbili twashangaa hana njaa! Angalia mwezi wa Ramadhani. Ndugu yangu akifunga, jioni hula kila kitu kilicho mbele yake, maharagwe na yote, wala hana habari ya kuyapanga. Tumbo lenye njaa halijui uteuzi. Aidha, mwalimu wetu wa Sayansi Kimu alitufundisha kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, ilhali nyanya na ndimu husaidia kuyapata. Basi kwetu chai imesogezwa. Mtoto akirudi hupewa ndizi au kipande cha embe, na chai hungoja asubuhi.

Sasa sufuria yenyewe. Nitaeleza ile tunayoifanya kweli, si ya vitabuni. Ndengu (najua, najua, kamusi inasema choroko) huzilowesha asubuhi kabla sijavaa sare. Jioni huiva kabla sijamaliza kukatakata kitunguu na nyanya. Napika wali kando. Kisha wakati wa kupakua, wali huku, ndengu kule, na katikati nafasi ya kupita kidole. Kitinda mimba wetu akaacha kulia. Hakuna chakula kilichoongezwa, hakuna makaa yaliyoongezwa, ni nafasi ya kidole tu!

Siku za kazi nyingi mno ni pasta. Waitaliano walipotawala sehemu kubwa ya Somalia waliacha chakula hiki huko, nacho kikavuka mpaka hadi mitaa yetu. Huiva upesi kuliko kitu chochote kingine jikoni. Mchuzi wa nyama kando, ndizi mbivu juu, na asiyetaka mchuzi hula na ndizi. Wageni kutoka Nairobi hutucheka kwa ile ndizi. Wacheke tu, sisi tunashiba. Githeri nayo tulifundishwa na jirani yetu Mmeru: maharagwe na mahindi hulowekwa Jumamosi usiku, huchemshwa Jumapili mama akiwa nyumbani, na wiki ikianza hubaki kukaanga tu. Ila maharagwe mekundu yachemke sawasawa mpaka yalainike kabisa, kwa maana yasiyoiva huleta kutapika na kuhara, na hapo mteuzi atakuwa amepata ushahidi.

Kuhusu kabeji na karoti zinazoteremka na malori kutoka Timau sina mengi, isipokuwa hili: usimlazimishe mtoto kuzimaliza, lakini usiache kuziweka. Wataalamu wa lishe husema mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla hajakizoea. Wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu.

Nilisema nitamrudia Akko. Yeye alikuja kuishi nasi mwaka wa 2022 kutoka upande wa Garba Tula. Wasomaji wa hapa hawahitaji kukumbushwa ukame ule. Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya. Ng'ombe wa Akko walikuwa miongoni mwao. Alikuja na nguo zake na kibuyu kimoja cha maziwa, kikavu.

Mboga za majani hazigusi. Ukimwekea sukuma wiki husema, "Mbuzi hula majani, nami humla mbuzi. Kwa hivyo majani nimeshakula." Sisi tulicheka. Lakini alikuwa anasukuma sahani kila usiku, akaomba chai, akalala na chai peke yake. Baba akirudi safari alisema ni uzee. Shangazi alisema ni maringo. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikikasirika kimoyomoyo kwa sababu ya lile jasho langu la jikoni. Kisha siku moja nikimsaidia kunawa niliona bangili yake, ambayo zamani haikuweza kutoka mkononi, ikiteleza mpaka kwenye kiwiko.

Usiku huo nilimwuliza, "Akko, wewe wataka kula nini?" Kumbe hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza! Alikaa kimya, halafu akasema kwamba tangu aje mjini amekuwa mgeni. Mgeni huletewa. Kwake yeye ndiye aliyekuwa akikama, yeye ndiye aliyekuwa akigawa, na kila mtoto alijua kikombe chake. Hapa sahani huletwa imejaa vitu asivyovijua, kisha anatazamwa kama atamaliza.

Jumamosi iliyofuata mama alinunua kilo 2 za nyama ya ngamia. Akko akatufundisha nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba, huanikwa ikakauka, halafu hukatwakatwa vidogo sana na kukaangwa katika mafuta mpaka maji yote yaishe. Alitia iliki. Alimkaripia ndugu yangu kwa kukata vipande vikubwa. Alinikaripia mimi kwa moto mkali. Lo, sauti hiyo hatukuwa tumeisikia tangu aje! Nyirinyiri huwekwa chomboni ikiwa imefunikwa na mafuta, na huweza kukaa miezi bila friji. Wafugaji walisafiri nayo wakifuata ngamia. Nasi husema ati chakula cha haraka kililetwa na watu wa mijini! Jumanne yangu sasa ni hii: wali, au ugali na maziwa ya ngamia yaliyonunuliwa kwa akina mama wa sokoni, kijiko cha nyirinyiri kwa kila mtu, na mboga kando kwa anayetaka. Mpakuaji ni Akko. Amejua kwamba kitinda mimba hataki vigusane, naye hamkemei.

Kutokana na hayo ndipo nilipopata wazo la zamu. Niliona kwamba mtu akishika mwiko, ule wa kupikia, si wa shangazi, huanza kuulizwa badala ya kuamriwa. Nikampa ndugu yangu Jumatano. Alitia ngumu. Akasema ng'o, mvulana haingii jikoni, marafiki zake watamcheka. Wapo wasomaji wavulana watakaomwunga mkono. Nawauliza: katika hoteli za hapa mjini mnakokula chapati na nyama, nani anapika? Si wanaume? Au mwanamume akilipwa ndipo mwiko unakuwa halali? Mama alisikia, akamaliza ubishi kwa neno moja: "Jumatano."

Jumatano ya kwanza aliunguza. Tulikula hivyo hivyo. Ya pili alitazama githeri iliyobaki Jumapili, akatazama yale maharagwe adui zake, kisha akachukua mwiko akayaponda yote pamoja na viazi viwili mpaka hayakuonekana. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ladha haikuwa ikimsumbua, ni yale maganda yanayobaki mdomoni. Miaka yote hiyo, maganda! Akakaanga kitunguu, akamwaga juu yake, akakatia dania kidogo, akapakua. Akala sahani mbili.

Akko alionja kijiko kimoja, akasimama, akachungulia sahani yake.

"Kuna majani humu?"

"Ni dania tu, Akko," ndugu yangu akasema. "Nimeikata mimi."

Akko alinyamaza kidogo, akamtazama, kisha akaendelea kula.