Askari Aliyehamishwa: Msafiri au Mkazi?



Wiki mbili zilizopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Tanga, mke wa askari mwenye cheo cha sajini. Mumewe amehamishiwa kikosi kilichoko katika bonde la Kilombero, upande wa Mlimba, na sasa umetimia mwezi wa nane. Fedha za matumizi humfikia mama huyu kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Simu, anasema, zilikuwa za kila usiku, kisha zikawa za kila Ijumaa, na sasa ni pale mtandao unaporuhusu, nao umeanza kuruhusu kwa nadra mno. Hamtuhumu mumewe kwa lolote. Anauliza jambo moja tu: amfuate, au aendelee kumsubiri? Watoto wake wawili wako shule ya msingi, cherehani yake ndiyo inayoongeza pato la nyumba, na mama mzazi wa mumewe, aliyepooza upande mmoja, yuko mikononi mwake.

Kabla ya kujibu, tuliomba ruhusa yake tuzungumze na mumewe, naye akakubali. Tulimkuta mtu mpole, asiyekuwa na la kuficha. Alituambia kwamba tranka aliyoondoka nayo Tanga ingali chini ya kitanda, na hajapata kuitoa nguo zote tangu afike. Hutoa sare anayoihitaji, akaifunga tena kwa kufuli. Amezoea kujiambia kwamba uhamisho mwingine u karibu. Hata swala, alikiri kwa haya, amekuwa akiipunguza kila anaposwali peke yake, Adhuhuri rakaa mbili, Alasiri mbili, Isha mbili, kwa kujihesabu msafiri.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipolipata jibu la swali la mkewe, na ndipo tunapotaka kusimama leo.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu katika pwani na bara ya nchi hii tunayoyafuata, wameweka mpaka ulio wazi. Msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa mkazi tangu anapofika. Ataswali swala kamili, na Ramadhani itakapomkuta atafunga kama wenyeji wafungavyo. Aliye na shughuli asiyojua itakwisha lini, akitaraji kila siku kuondoka, amepewa nafasi ya hadi siku kumi na nane. Madhehebu ya Imamu Abu Hanifa yameweka siku kumi na tano. Wamehitilafiana katika idadi, lakini hakuna katika hao anayempa ruhusa ya msafiri mtu aliyepangiwa kituo cha kazi, akapewa kitanda, zamu na kamanda, kwa muda wa miezi au miaka. Sajini wetu tulimsihi amwendee sheikh aliye karibu naye amweleze hali yake, ili ajue namna ya kulipa zile swala alizozipunguza.

Lakini hukumu hii ina funzo linalovuka mipaka ya rakaa. Sheria haikungoja mtu ajenge nyumba au apende hali ya hewa ndipo imwite mkazi. Imetazama nia yake ya kukaa. Anayejua kwamba atakaa, naye akaendelea kuishi kama anayepita, hujidhulumu nafsi yake, huwadhulumu aliowaacha nyumbani, na huwanyima wenyeji haki ya ujirani.

Tuseme kidogo juu ya mahali penyewe, kwa kuwa wake na wazazi wengi hulisikia jina la Mlimba wasijue ni pa namna gani. Mlimba iko upande wa kusini-magharibi wa Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, katika mkoa wa Morogoro. Ni stesheni kubwa ya reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, urefu wa kilomita 1,860. Kuanzia Mlimba treni hupanda milima kuelekea Makambako, zaidi ya kilomita 150 za madaraja na mahandaki, sehemu iliyowachosha wajenzi kuliko nyingine yoyote. Huko bondeni, kati ya Ifakara na Mlimba, ndiko kuliko Chita, ambako Jeshi la Kujenga Taifa lina kikosi kinachofahamika kwa mashamba yake makubwa ya mpunga.

Ni nchi ya rutuba na ya maji mengi. Masika yakikaza, barabara ya Ifakara hadi Mlimba huwa tope, na safari iliyohesabiwa kwa saa huweza kuhesabiwa kwa siku. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwaacha wakazi wengi wa bonde hilo bila makazi wala mazao. Mbu nao ni wengi, na si bure kwamba watafiti wa malaria wamepiga kambi Ifakara tangu miaka ya 1950. Askari aliyelelewa Unguja, ambako malaria imepungua sana, au katika baridi ya Lushoto au Makete, mwili wake haukuzoea ugonjwa huo. Kwa hiyo chandarua chenye dawa kiwe cha kwanza kutoka ndani ya tranka, na homa ya siku ya kwanza ipimwe zahanati siku hiyohiyo. Kujikaza kiume mbele ya malaria si ushujaa.

Maisha ya kambini yana mpango wake. Siku huanza kabla ya jua kwa mchakamchaka, kisha usafi, paredi na kazi. Katika vikosi vyenye mashamba, yuleyule aliyeshika bunduki lindoni usiku huweza kuonekana mchana yumo ndani ya maji akipandikiza mpunga, na mavuno yakikaribia yumo shambani akiamia ndege. Askari mgeni huyajua haya yote kwa wiki mbili. Lisilofundishwa na mtu ni saa ile ya jioni, baada ya chakula bwaloni, ambapo wenye familia wamekwenda kwenye kota zao, naye amebaki na kitanda na simu isiyokamata mtandao. Sajini wetu alisema saa hiyo humlemea kuliko ruti machi ya kilomita nyingi. Wapo wanaoijaza kwa ulevi, na wapo wanaoanzisha uhusiano wasiothubutu kuutaja nyumbani. Wengi katika hao hawakuondoka kwao na nia mbaya. Waliishi kama wapita njia, na mpita njia hana jirani anayemwonea haya.

Dawa ya saa hiyo ni ujirani. Askari akifika, baada ya kuripoti kwa wakubwa wake, auulize msikiti ulio karibu na ajitambulishe kwa imamu. Huenda ni msikiti mdogo wa bati wenye safu mbili, lakini humo atapata watu watakaomuulizia asipoonekana. Awasalimu majirani wote, Waislamu na Wakristo, kwani Kilombero ni nchi ya Wandamba, Wapogoro, Wabena na wageni wengi wa kila kabila na kila dini, na msiba au mafuriko yanapokuja hayabagui. Kwa kadiri kanuni za kikosi zinavyoruhusu, awafundishe watoto Kurani, acheze mpira na vijana, ahudhurie mazishi. Mtu aliyemzika ndugu wa wenyeji haitwi tena mgeni.

Kuhusu ibada na zamu, wapo wanaodhani kwamba ni lazima kimoja kiachwe. Wasome upya aya ya 102 ya Suratun-Nisaa, inayoeleza swala ya vitani. Kundi moja huswali na silaha zake, kundi la pili hulinda, kisha hubadilishana. Swala haikuondolewa kwa sababu ya adui, na lindo halikuachwa kwa sababu ya swala. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyopangwa mbele ya upanga, basi katika kambi ya amani jambo hili linamalizwa kwa mazungumzo ya heshima na kiongozi wa zamu, na kwa kubadilishana na mwenzako ambaye kesho utamshikia zamu yake.

Sasa turudi kwa mama wa Tanga. Zamani swali lake halikuwapo, kwa sababu familia zilifuatana na jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Kijerumani walipita nchi hizi na wake na watoto nyuma yao, hadi majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipoiteka Mahenge, ng'ambo ya bonde hili, mwezi Oktoba 1917. Wanawake wale walitembea mamia ya maili wakibeba vyombo na watoto, wakizaa njiani na kuzika njiani. Hatutamani zama zile zirudi. Lakini tumekwenda upande wa pili mno, tukaona ni kawaida mume kukaa mwaka mzima mbali, maadamu fedha inafika.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) hakuliona kuwa jambo la kawaida. Imepokewa kwamba usiku mmoja, akizunguka mji wa Madina, alimsikia mwanamke akilalamika kwa upweke, mumewe akiwa jeshini. Umar hakumlaumu. Alimwendea binti yake Hafsa (r.a.), akamuuliza mwanamke huweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Katika baadhi ya mapokezi alijibu miezi minne, na katika mengine miezi sita. Umar akaamuru kwamba askari wasiwekwe mbali na wake zao zaidi ya muda huo. Amiri Jeshi wa dola kubwa alipanga zamu za majeshi yake kwa ushauri wa mwanamke, na kwa ajili ya mwanamke aliyemsikia nyuma ya ukuta. Sisi hatupangi zamu za jeshi, lakini likizo na ruhusa tunazopewa twaweza kuzipanga kwa kipimo hicho.

Kwa hiyo hatukumwambia mama yule amfuate mumewe kesho. Mama mkwe aliyepooza hawezi kubebwa hivihivi katika barabara ya tope, na nyumba ya familia haipatikani katika kila kituo siku ya kwanza. Wala hatukumwambia asubiri, kwani kusubiri kusiko na tarehe huchosha hata wenye subira. Tuliwashauri wote wawili waanze na nia. Mume anuie ukazi na aishi kikazi, na mke aache kumtaja kwa watoto kama mtu aliye njiani kurudi. Kisha wakae kwa simu na wanafamilia wengine, dada za mume wakiwemo, kwani kumuuguza mama mzazi ni wajibu wa watoto wake kabla ya kuwa hisani ya mkwe. Wakubaliane tarehe: ama yeye aje, ama wao waende, na isipite miezi minne bila kuonana.

Wazazi ambao vijana wao wamemaliza kidato cha sita wakaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, nao tuwaambie neno. Miezi mitatu ni mifupi, lakini kwa fikihi kijana huyo si msafiri akiwa kambini. Afundishwe hilo kabla hajapanda basi, pamoja na namna ya kutayamamu na ya kuomba ruhusa kwa adabu. Wazazi wengi hufunga begi vizuri, bukta na raba zisisahaulike, wakasahau kumfundisha mtoto hukumu za mahali anapokwenda. Na haya yanawahusu pia walimu, wauguzi na wafanyakazi wa reli wanaopangiwa Mlimba au kwingineko, kwani si wenye sare pekee wanaoishi na tranka iliyofungwa.

Juzi mama wa Tanga alitupigia simu. Wifi yake wa Muheza amekubali kumchukua mama kwa mwezi wa Juni, na yeye na watoto watapanda treni ya TAZARA wakati wa likizo. Kuhamia huko hawajaamua. Wataamua baada ya kupaona. Kwa mara ya kwanza, alisema, mumewe alimpigia katikati ya wiki, akamuuliza watoto wanavaa viatu namba ngapi siku hizi, kwa kuwa njia ya kwenda msikitini ina tope. Akamwambia pia kwamba tranka ameiweka ukutani, tupu, na juu yake ametandika kitambaa.

Twamwomba Allah (s.w.) awahifadhi wanaotulinda, na awakutanishe na watu wao katika kheri. Wabillahi tawfiiq.